Boga la Makungu

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama watu walionyimwa chakula? Nasema paukwa!

Pakawa!

Naam, hapo sawa. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana nikianza sirudi nyuma.

Hapo zamani, zamani ile ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia kwa babu yake, palikuwa na kijiji cha wakulima wa maboga. Hakikuwa na mto wa maana, wala mlima wa kusifiwa. Kilikuwa na maboga. Maboga juu ya paa. Maboga uani. Maboga njiani. Mtu wa kijiji kile akijikwaa, ujue amejikwaa kwa boga.

Na watu wale walikuwa na desturi yao. Mtoto akizaliwa hapewi jina, husubiriwa arobaini yake. Siku ya arobaini hutolewa nje, hupelekwa uwanjani kwenye mizani. Ufito mrefu umening'inizwa kwa kamba, kikapu huku, kikapu huku. Kikapu hiki mtoto. Kikapu kile boga, boga alilolichagua baba yake mwenyewe na kulitangaza kabla mtoto hajazaliwa. Kikapu cha mtoto kikishuka, tii, boga likapanda juu, wanawake hupiga vigelegele, jina hutolewa, watu hula. Boga, lipande lisipande, hupewa mkunga liwe asante yake. Kisiposhuka, mtoto haitwi kitu. Huitwa Mgeni tu. Na Mgeni hagawiwi shamba. Na Mgeni akifa huzikwa nje ya ua wa makaburi, peke yake, kama mtu aliyekuwa akipita njia.

Wale wa kwanza walioanzisha jambo hili walikuwa na akili zao. Walipima kwa boga dogo, boga la chakula cha mchana, wapate kumjua mtoto asiyekua wamsaidie. Wajukuu wao wakaona boga dogo ni aibu. Huyu akaleta kubwa. Yule akaleta kubwa zaidi. Mwisho wakafika mahali boga linabebwa na wanaume wawili wanaotoka jasho, na kitoto cha arobaini kinalinyanyua. Ajabu, sivyo? Hakuna aliyeuliza. Ukiuliza, utaambiwa una kijicho.

Basi, palikuwa na mtu akiitwa Makungu. Makungu alikuwa na vitu viwili, kitambi na mdomo. Kitambi kilimtangulia mlangoni, mdomo ulimtangulia kijijini. Yeye na mkewe Mize walikuwa wamekaa miaka mingi bila mtoto, na watu wamewasema mpaka wamechoka. Siku Mize aliposhika mimba, Makungu hakulala. Alikwenda shambani, akachagua boga ambalo halikubebeka, likabidi lisukumwe. Akalisukuma kijiji kizima. Gulugulu, gulugulu, mlango kwa mlango.

"Mnaliona hili?" akasema. "Mwanangu atalinyanyua kwa kisigino."

Boga likawekwa ghalani. Mimba ikaenda. Ikafika mwezi wa saba, kipupwe kimeshika, upepo unapita kwenye nyufa za ukuta, na Mize akashikwa na uchungu.

Aliitwa Bi Siwatu. Huyu ndiye mkunga wa kijiji, bibi kizee mwembamba mwenye ulimi mkali. Aliwapokea karibu wote waliokuwa wakitamba pale, akawaona uchi na kamasi zao, kwa hiyo hakuna aliyemtisha. Akaingia ndani, akafunga mlango. Makungu akabaki nje na kitambi chake.

Mtoto akatoka. Hakuwa mkubwa kuliko papai bichi. Ngozi nyekundu, nyembamba, mishipa unaihesabu. Masikio yamejikunja. Na sauti yake, sikilizeni, ilikuwa hivi: nyii. Basi. Sisi leo tungemwita njiti. Wao hawakuwa na neno, walikuwa na macho tu ya kukodoa.

Makungu alipoitwa akamtazama mwanawe, akatafuta la kusema. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mdomo haukuwa na kitu.

"Ni mzima?" akauliza mwisho.

"Mzima," akasema Bi Siwatu. "Ameepuliwa kabla hajaiva, lakini hakuharibika. Tutamalizia kumpika huku nje."

Kabla hajamaliza kusema, kijiji kikaingia. Mbele yao Mzee Ngwali, mwenye mizani, mwenye kilemba, mwenye neno juu ya kila jambo. Wakapanga foleni.

"Hebu nimwone." Funua. "Masikini." Funika.

"Na mimi nimwone." Funua. "Loo, masikini." Funika.

"Jamani, na sisi wa nyuma." Funua.

Na upepo unapita. Mtoto akalia nyii, nyii, vidole vikaanza kugeuka rangi. Makungu alisimama tu akipokea pole kama mtu aliyekwisha kufiwa.

Mzee Ngwali akakohoa. "Shauri langu ni hili. Mtoto mdogo, tumbo dogo. Anyonye asubuhi na jioni, yatosha. Na mumwogeshe maji ya baridi akakamae."

Bi Siwatu akamgeukia. "Ngwali, wewe nilikupokea mimi. Ulikuwa mnene kama gogo, ukanyonya mpaka mama yako akaomba msaada kwa jirani. Wewe mkubwa ulikula vile, huyu mdogo unamnyima kwa nini?"

"Kwa sababu ni mdogo, bibi."

"Sikilizeni, enyi wenye vilemba. Mtoto huyu ana kazi tatu na tone moja la maziwa. Kazi ya kwanza kujipasha moto. Ya pili kulia. Ya tatu kukua. Mkimwacha na baridi, maziwa yote yanakwenda kwenye baridi. Mkimliza, yanakwenda kwenye kilio. Kukua kunakuja mwisho, kunakuta makombo. Na makombo hayajapata kumkuza mtu. Mnene ana akiba mwilini, anaweza kusubiri jioni. Huyu akiba yake iko wapi? Kila anayemfunua hapa amempokonya tonge."

Watu wakatazamana. Kila mmoja akamtazama mwenzake aliyefunua.

"Kuanzia leo, anayetaka kumwona mtoto alete mzigo wa kuni," akasema Bi Siwatu.

Mapenzi ya watu kwa mtoto yakaisha palepale. Chumba kikabaki kitupu.

Mize alikuwa kitandani, homa ya uzazi inamtikisa, hawezi kumshika hata mwanawe. Bi Siwatu akamtazama Makungu kutoka juu mpaka chini, akasimama katikati.

"Vua kanzu."

"Kanzu yangu?"

"Una nyingine uliyovaa? Vua. Mungu hakukupa kitambi hiki ukitembeze tu njiani. Leo kina kazi."

Makungu akavua. Bi Siwatu akamchukua mtoto, akamkausha, akamvika kofia ya kitambaa, akambandika kifuani mwa baba yake, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande apate pumzi, akamfunga kwa shuka. Makungu akasikia kitu kinapiga kifuani mwake, pupupupu, haraka haraka. Akadhani ni moyo wake. Haukuwa wake. Akaogopa hata kumeza mate.

Kisha maziwa. Mtoto hakuwa na nguvu ya kunyonya, kwa hiyo Mize alikamuliwa, kidogo kile kile alichonacho, kikaingia kwenye kifuu. Bi Siwatu akakunja jani la mgomba likawa na ncha, akadondosha. Tone. Akangoja ameze. Tone. Akangoja. Tone. Kivuli cha mlango kikihama kidogo tu, wanaanza tena. Na huku anaimba, na ninyi mtaitikia:

Moto mdogo, kijiti kidogo,
usiusonge, usiuache.

Semeni tone.

Tone!

Semeni tena, taratibu, mtoto asipaliwe.

Tone.

Siku za kwanza mtoto alipungua. Makungu akahisi wepesi kifuani, akapiga kelele kumwita mkunga.

"Bi Siwatu, anakwisha."

"Haendi popote. Wote hupungua kwanza, hata wale wanene wenu, ila hamuoni. Msafiri akifika hutua mzigo kabla ya kuketi. Kaa kimya, unamwamsha."

Makungu akakaa kimya. Fikirini, Makungu kukaa kimya. Wanaume wakawa wanakuja dirishani kumchungulia.

"Makungu, hongera, tumesikia umejifungua."

"Makungu, maziwa yameshuka?"

"Makungu, na lile boga, umelizaa pia?"

Wanacheka, kwa kwa kwa, wanakwenda zao. Kuni hawaleti. Makungu alizoea kuwacheka watu, hakuzoea kuchekwa, na kila kicheko kilimwingia. Lakini kilichomwingia zaidi ni boga. Aliliona mbele yake akifumba macho. Na nyuma ya boga aliuona ua wa makaburi, na nje ya ua, kishimo kidogo kisicho na jina.

Alasiri moja Mize amelala, Bi Siwatu amekwenda kutafuta kuni, kwa kuwa kijiji hakikuleta, Mzee Ngwali akaingia na bakuli. Bakuli lina uji wa mtama, mzito, kijiko kinasimama wima.

"Makungu, mwanangu, nakuonea huruma," akasema. "Arobaini inakuja, na ninyi mnadondoshea matone kama mnanyunyizia mchicha. Mshindilie. Uji una uzito, boga lina uzito. Si hesabu hiyo?"

Makungu akamtazama mtoto. Akalitazama bakuli. "Bi Siwatu amekataza."

"Bi Siwatu ana mizani?"

Kijiko kimoja tu, akajiambia Makungu. Kimoja hakiui.

Akatia kijiko kimoja.

Mtoto akanyamaza. Hakukohoa, hakulia nyii. Midomo ikawa ya buluu, halafu uso. Mikono ikalegea. Makungu akamtikisa, akamwita, lakini angemwitaje mtoto asiye na jina? Akapiga ukelele tu. Mize akaruka kitandani na homa yake. Mlango ukafunguka kwa teke, kuni zikamwagika chini, na Bi Siwatu akamnyakua mtoto, akamlaza kifudifudi mkononi, akaingiza kidole akatoa uji, akamgonga mgongo, akamsugua, akamgonga.

Kimya.

Akamsugua.

Kimya.

Nyii.

Makungu akakaa chini kwenye kuni akalia. Alilia kwa sauti mbele ya mkewe na mbele ya mkunga, kamasi zinamtoka, wala hakujifuta. Mzee Ngwali hakumwona akilia, kwa maana alikuwa amekwisha kukumbuka mbuzi wake, akatoroka.

"Ulikuwa unamlisha nani?" akauliza Bi Siwatu.

"Mtoto."

"Hapana. Ulikuwa unalilisha boga."

Akamrudisha mtoto kifuani kwa baba yake, akamfunga shuka, akachukua kifuu. Makungu alitamani apigwe. Hakupigwa. Alipewa jani la mgomba.

"Dondosha mwenyewe. Kichwa juu, mdomo usiusonge."

Tone.

Semeni.

Tone.

Tangu siku ile Makungu hakumwachia mtu jani. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, lakini kibaba hakijazwi kwa kukiangushia gunia. Homa ya Mize ikatoka. Maziwa yake yakaongezeka kwa kukamuliwa mara kwa mara. Mtoto akatokwa na chozi la kwanza, akajifunza kupiga chafya, na siku moja akalitafuta titi mwenyewe, akalishika, akavuta. Mize akacheka na kulia pamoja. Wakawa wanapokezana, kifua cha mama, kifua cha baba. Watani walipokuja dirishani, Makungu aliwajibu kwa kunong'ona, "Ndiyo, nimejifungua. Tokeni, mnaziba jua."

Bi Siwatu akaenda kwa Mzee Ngwali. "Mtoto huyu alitangulia wito. Arobaini yake ihesabiwe tangu mwezi aliotakiwa kuja, ndipo umpime na wenzake."

"Arobaini ni arobaini," akasema Mzee Ngwali.

"Na mwenye miezi saba ni sawa na mwenye tisa?"

"Mizani haijui miezi."

"Ndiyo maana tuliweka mtu wa kuisimamia," akasema bibi kizee, akaondoka.

Ikabaki siku moja. Mzee Ngwali akamfuata Makungu ghalani, akamkabidhi kisu chembamba na kijiko kilichopindwa. Akashusha sauti.

"Usinione mbaya. Chini ya kikonyo, toboa tundu la vidole viwili. Komba nyama yote. Ziba kwa nta. Sote tumefanya."

"Sote?"

"Wewe ulidhani watoto wetu ni tembo?"

Akaenda zake. Makungu akabaki na boga, na kisu, na mtoto kifuani. Akainama atoboe. Mtoto akabanwa, akalia nyii. Akasimama. Akajaribu kwa ubavu, kitambi kikagoma. Akapiga magoti, mtoto akaanza kuteleza. Kumbe mtu aliyebeba mtoto kifuani hawezi kuinamia boga. Akawa anahangaika vile, mara kale katoto kakashika unywele wa kifua chake kwa vidole vyake vyembamba, kakavuta. Uchungu ulimtoa Makungu machozi. Nguvu hizi zimetoka wapi? Akacheka peke yake ghalani.

Mize akatokea mlangoni. "Kisu cha nini?"

Akamwambia yote. Mize akalitazama boga.

"Ukilitoboa, jina atalipata kwa boga," akasema. "Mimi mwanangu sikumzaa na boga."

Makungu akakichomeka kisu ukutani, akakiacha.

Siku ikafika. Uwanja umejaa, waliokuja kusherehekea wachache, waliokuja kucheka wengi. Boga la Makungu likaletwa, gulugulu, likapakiwa kikapuni na wanaume wanne. Mtoto akawekwa upande wa pili, amefungwa shuka, kofia masikioni. Mzee Ngwali akaachia kamba.

Ufito haukutikisika hata kwa adabu.

Watu wakacheka. Mzee Ngwali akainua mkono, akatengeneza uso wa huzuni. "Desturi ni desturi. Huyu ni Mgeni."

Mize akafunika uso. Makungu akamtwaa mwanawe kikapuni, akamrudisha kifuani.

"Ngoja," akasema Bi Siwatu. "Boga la arobaini ni la nani?"

"La mkunga," wakajibu.

"Basi nalichukua changu." Akatoa panga, akalipasua palepale. Kwaa. Nyama nyekundu ikaonekana, nene, mbegu zikamwagika chini. Watu waliokuwa wakicheka wakaacha.

"Lina nyama," akasema mtoto mmoja, na mama yake akamziba mdomo.

"Lina nyama," akasema Bi Siwatu. "Nimekuwa mkunga tangu mama zenu hawajaota meno ya utu uzima. Kila boga lililopimwa hapa limeletwa jikoni kwangu. Na leo ndiyo mara ya kwanza naletewa boga lenye nyama."

Akawaita wanawake waliokuwa wamesimama nyuma. Wakaja na mizigo kichwani, wakaitua. Makaka matupu ya maboga, makavu, makubwa. Hili Bi Siwatu amewekea mbegu za kunde. Hili kuku wake hutagia. Yote yana tundu chini ya kikonyo, tundu la vidole viwili, na nta pembeni. Bi Siwatu akawa anayataja, la mtoto wa huyu, la mtoto wa yule, na kila aliyetajwa aliinama kufunga kamba ya kiatu, naye hana kiatu.

"Nilinyamaza," akasema, "kwa sababu watoto wenu walikuwa wanene, na boga tupu halikuwadhuru. Leo limekuja kudhuru."

Akachukua kaka moja kwa kidole kimoja. Likaning'inia.

"Ngwali, hili unalikumbuka? La mwanao wa mwisho. Tulikula mbuzi watatu siku ile."

Akaliweka kikapuni. Akamwashiria Makungu. Makungu akamweka mwanawe upande wa pili, taratibu, akaachia.

Tii.

Kikapu cha mtoto kikashuka mpaka chini. Boga la Mzee Ngwali likaruka juu, likazunguka hewani, mbele ya macho ya wote.

"Limekauka hilo," akasema Mzee Ngwali.

"Limekauka, kweli," akasema Bi Siwatu. "Na tundu je, lilitobolewa na jua?"

Mzee Ngwali akakitengeneza kilemba chake. Kilikuwa hakijapinda.

"Sasa niambieni," akasema bibi kizee, "kama jina linapatikana kwa kunyanyua boga zima, hapa uwanjani mwenye jina ni nani? Maana nawaona Wageni watupu."

Ndipo Mize alipofunua uso, akaenda kwenye mizani, akamchukua mwanawe.

"Anaitwa Tosha," akasema.

Kigelegele cha kwanza alikipiga Bi Siwatu mwenyewe, kwa mapengo yake. Kisha boga la Makungu likapikwa pale uwanjani, likawatosha wote, hata waliokuja kucheka, nao walikula bila aibu. Bi Siwatu alikula mpaka akalegeza mkaja wa kiunoni. Ulikuwa ni mshahara wa maisha yake yote.

Tosha alikua. Arobaini yake ya kweli ilipofika alikuwa na mashavu, na hakuna aliyezungumza habari za mizani. Baadaye waliirudisha, kwa boga dogo la chakula cha mchana, nalo hupasuliwa kwanza. Mtoto asiyelinyanyua hakuitwa tena Mgeni. Baba yake aliambiwa avue kanzu. Makungu naye, nisiwadanganye, hakuacha kutamba. Ila sasa alikitambia kitambi, na kila penye mtoto wa miezi saba alikuwa wa kwanza kufika, na kuni kichwani.

Basi ninyi mlioketi hapa, mkisikia kwa jirani amezaliwa mtoto mdogo, msiende na macho. Nendeni na kuni. Mtoto hakui kwa kutazamwa wala kwa kushindiliwa. Hukua kwa joto na kwa tone, na tone, na tone. Na ukimwona mtu anayempima mwana wa mwenzake, kamwangalie boga lake chini ya kikonyo.

Hadithi yangu imetua mzigo hapo. Anayetaka kuubeba aubebe, lakini auangalie kwanza kama una nyama.